Joho Lililoachwa Troa: Mavazi ya Padre Altareni na Maana Yake

Mtume Paulo yuko kifungoni na majira ya baridi yanakaribia. Anamwandikia Timotheo mambo mazito ya imani, halafu karibu na mwisho wa waraka anachomeka ombi la mtu anayehisi baridi: lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete. Wahubiri wengi huupita mstari huo wa 2 Timotheo 4:13 bila kugeuka. Lakini neno la Kigiriki lililotafsiriwa joho, phailones, ni jina la vazi ambalo Warumi waliliita paenula: nguo nzito ya kuvalia juu, isiyo na mikono, yenye tundu la kupitishia kichwa, ya wasafiri na watu wa kazi, ya kuzuia mvua na upepo. Karne kadhaa baadaye nguo ya ukoo huohuo ikawa ile tunayoiona altareni siku ya Noeli ikimetameta nyuzi za dhahabu. Tunaiita kasula.

Paulo hakuomba vazi la ibada. Aliomba koti.

Ninaanzia hapo kwa kuwa mabishano ya mavazi ya kikuhani huku kwetu yana pande mbili zinazovutana. Wengi wetu tuliosoma katekisimu tuliambiwa kwamba padre anavaa kama Haruni alivyovikwa na Musa. Ndugu zetu walokole hujibu kuwa ni nguo za wapagani wa Roma zilizoingizwa kanisani kinyemela. Kila upande umeshika pindo moja la nguo, na kwa vile wote wanavuta, nguo yenyewe haikunjuki ikaonekana.

Tuanze na pindo la Haruni. Kutoka sura ya 28 inataja naivera, kizibao cha kuhani, ya nyuzi za dhahabu, buluu, zambarau na nyekundu, joho la buluu lenye makomamanga na njuga kwenye upindo, na kilemba chenye bamba la dhahabu lililochorwa "Mtakatifu kwa Bwana". Msomaji wa haraka ataona fahari tu. Mimi huwa natazama mawe. Mabegani mwa Haruni palikuwa na mawe mawili ya shohamu, kila moja limechorwa majina sita ya wana wa Israeli. Kifuani palikuwa na mawe kumi na mawili, kila kabila na lake. Alipoingia patakatifu, aliingia amewabeba watu wote mahali pawili: begani, ambapo binadamu hubebea mzigo, na kifuani, penye moyo. Tena katika Siku ya Upatanisho, siku kubwa kuliko zote, Walawi 16 inamtaka aweke kando vitu vinavyong'aa na aingie ndani ya pazia amevaa kitani tupu. Hapo tayari tunaona kwamba vazi hili halikuwa la kumpamba mvaaji.

Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa mwaka 70, na mavazi yale yakakosa pa kuvaliwa. Wakristo wa mwanzo hawakuyaiga. Walikusanyika majumbani, na aliyewaongoza katika kuumega mkate alivaa kama mtu mwenye heshima zake wa mji ule: kanzu ndefu ya kitani na, akitoka, paenula juu yake. Pengine nguo ya Jumapili ilikuwa safi zaidi kuliko ya Jumatatu, lakini mshono ulikuwa mmoja.

Kilichobadilika ni mitindo ya mitaani. Watu wa kaskazini walipoingia katika dola ya Warumi, wanaume wakaanza kuvaa kanzu fupi na suruali. Makasisi wakabaki na kanzu zao ndefu. Hakuna mtaguso, yaani baraza la maaskofu, ulioketi ukaamua kubuni sare. Walimwengu walisogea, wao wakasimama. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hili. Bwana harusi wa Mombasa au Unguja siku ya kazi huenda ofisini na suruali na shati, lakini siku ya nikaha utamwona na kanzu, joho na kilemba. Zamani baba wa babu yake alivaa kanzu hata akienda sokoni kununua samaki. Nguo ileile, kwa kubaki nyuma, imepanda cheo.

(Na tukiwa hapo, tazama jinsi Kiswahili kilivyolimaliza jambo hili kimyakimya. Yesu katika Biblia yetu amevaa kanzu, ile isiyoshonwa, ambayo askari waliipigia kura. Padre anavaa kanzu. Sheikh anavaa kanzu. Joho nalo ni la Paulo, la bwana harusi, la mchungaji na la mhitimu wa chuo kikuu. Lugha haikuona sababu ya kuwatenga.)

Mabadiliko hayo hayakupokelewa na wote kwa makofi. Mwaka 428 Papa Selestini I aliwaandikia maaskofu wa Galia ya kusini, Ufaransa ya leo, akiwakemea makasisi walioanza kujivika kipekee. Tunapaswa kutofautiana na watu, alisema, kwa mafundisho na wala si kwa nguo, kwa mwenendo na wala si kwa vazi, kwa usafi wa nia na wala si kwa mapambo. Aliyesema hivyo ni papa, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Matengenezo. Anayedhani shaka juu ya mavazi ililetwa na Waprotestanti amechelewa sana kufika kwenye kikao.

Basi kama kitambaa ni koti la Kirumi, maana ya kiroho imetoka wapi? Jibu fupi ni kwamba ilishonewa juu baadaye, na vazi linaloonyesha hivyo vizuri kuliko yote ni lile ambalo vijana hawajawahi kuliona: manipulo. Kilikuwa kitambaa kilichoning'inia kwenye mkono wa kushoto wa padre. Asili yake ni leso ya kufutia jasho na kushikia vitu. Leso ikarembwa, ikawa nzito, ikawa haifuti tena chochote, ndipo ikapewa sala yake: padre aliyeivaa aliomba astahili kubeba manipulo ya machozi na huzuni, ili apokee kwa furaha ujira wa kazi yake. Jasho likawa machozi, machozi yakawa mavuno, kama wapandao kwa machozi wa Zaburi 126. Ni tafakari nzuri sana. Hata hivyo mwaka 1967 Roma ilitangaza kuwa manipulo si lazima tena, ikapotea, na Misa haikupungukiwa kitu.

Kazi hiyo ya kushonea maana ilishamiri tangu karne ya 9. Amalarius wa Metz alikuwa fundi wake mkubwa. Kwake kila kona ya ibada na kila kipande cha nguo kilikuwa na siri yake. Wapo waliomwona amezidisha, na sinodi ya Quierzy ya mwaka 838 ilimlaani. Vitabu vyake viliendelea kunakiliwa na kusomwa vilevile. Watu wanapenda kuambiwa kitu kina maana.

Je, maana iliyokuja baadaye ni ya uongo? Sidhani. Pete ya ndoa nayo ni kipande cha chuma tu mpaka siku mtu anapovishwa. Ila inabidi tujue kipi kimebeba uzito na kipi ni urembo. Kwa hilo twende sakristia, chumba anamovalia padre.

Nilikuwa mtumikiaji wa altare utotoni. Paroko wetu alikuwa mtu wa mizaha, anatutania mpaka dakika ya mwisho, lakini akishanawa mikono alikuwa kama mtu aliyefunga mlango. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mimi nilidhani anakumbuka mahubiri. Baadaye sana nilijua kwamba kila nguo ina sala yake, sala za Kilatini ambazo kabla ya marekebisho yaliyofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano zilikuwa za lazima, na ambazo mapadre wengi bado wanazisali kwa hiari yao.

Ya kwanza ni amikto, kitambaa cha mstatili kinachozunguka shingo. Zamani kiliguswa kichwani kwanza, na sala inakiita chapeo ya wokovu, kwa maneno ya Waefeso 6. Kazi yake halisi ni kuficha kola ya shati na kuzuia jasho lisichafue nguo za juu. Nakitaja nipite.

Halafu inakuja alba, na hapa tukae kidogo. Jina lake ni "nyeupe" kwa Kilatini, basi. Sala yake inamwomba Bwana amfanye mvaaji kuwa mweupe na kumsafisha moyo, akiwa amefuliwa katika damu ya Mwanakondoo. Hilo ni kundi kubwa la Ufunuo 7, waliofua mavazi yao wakayafanya meupe. Kundi hilo si la mapadre. Ni watu wa kila taifa na kabila na jamaa na lugha. Alba ni vazi la ubatizo: mtoto au mtu mzima akitoka majini huvikwa nguo nyeupe, kwa sababu, Paulo anawaambia Wagalatia, "ninyi nyote mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo". Kwa hiyo nguo ya kwanza ya padre ni nguo ya bibi yule anayeketi benchi la nyuma na rozari yake. Ndiyo maana watumikiaji na wasomaji wanaweza kuivaa. Kabla hajawa chochote kwa ajili yao, yeye ni mmoja wao. Watu wa Kenya watawakumbuka Waakorino, Wakristo wa huko, na vilemba vyao vyeupe, wanaume kwa wanawake. Kwa namna yao nao wamekataa weupe uwe mali ya kiongozi peke yake.

Mshipi unaofunga alba kiunoni una sala ya usafi wa moyo na kujitawala. Lakini Mwebrania aliyesikia "viuno vyenu na viwe vimefungwa" alielewa jambo la kawaida kabisa: kanzu ndefu humkwaza mtu anayetaka kufanya kazi au kusafiri, hivyo huikusanya na kuifunga. Mshipi unasema kuna kazi.

Stola ni nguo ndogo, lakini ndiyo yenye mamlaka kuliko zote. Utepe mrefu tu, unazunguka shingo na kuning'inia mbele. Shemasi huvaa yake kutoka bega la kushoto kwenda upande wa kulia. Mapema tu, Mtaguso wa Laodikea katika karne ya 4 ulikuwa umewazuia wahudumu wa madaraja ya chini wasiivae, na Mtaguso wa Nne wa Toledo mwaka 633 uliagiza kwamba padre aliyevuliwa daraja kwa kuonewa arudishiwe stola yake mbele ya altare. Padre akiitwa hospitali usiku wa manane haendi na kasula. Anaenda na stola nyembamba iliyokunjwa mfukoni, anaibusu, anaivaa juu ya shati lake la mikono mifupi, anasikiliza maungamo ya mgonjwa. Kwa Waorthodoksi inaitwa epitrakhili, na bila hiyo padre hawezi kuadhimisha chochote; matamvua ya chini yake husemwa kuwa ni roho za watu atakaodaiwa na Mungu. Mawe ya Haruni yamerudi, safari hii yakiwa nyuzi.

Sala ya stola ndiyo inayonigusa kuliko nyingine. Padre anaomba arudishiwe stola ya kutokufa aliyoipoteza kwa kosa la mzazi wa kwanza, na ingawa anakaribia fumbo takatifu bila kustahili, astahilishwe furaha ya milele. Mzazi wa kwanza ni Adamu. Sala inatupeleka Mwanzo 3, kwa watu wawili waliojiona uchi wakajishonea majani ya mtini. Majani hayakutosha. Mungu mwenyewe akawafanyia mavazi ya ngozi, akawavika.

Waswahili husema cha kuazima hakisitiri maungo. Kila aliyewahi kwenda harusini na suti ya rafiki anajua ukweli wake. Unakaa umebana mikono usije ukaipasua. Lakini imani ya Kikristo kuhusu mavazi imesimama juu ya kinyume cha methali hiyo. Nguo ya kujishonea ndiyo haikusitiri, iliyosetiri ni ya kupewa. Yoshua kuhani mkuu katika Zekaria 3 anasimama mbele ya malaika amevaa nguo chafu, na hawezi kujifulia; wengine wanaambiwa wamvue na kumvika. Mwana mpotevu anarudi na matambara yake, baba anaagiza vazi lililo bora. Padre akivaa altareni anakubali mbele ya watu kwamba maneno atakayosema, "huu ndio mwili wangu", si yake. Amepewa nguo ya mwingine. Ukitazama ibada ya upadrisho utaona utaratibu huohuo: kwanza anawekewa mikono na kuombewa sala ya kuweka wakfu, kisha ndipo anavishwa stola na kasula. Vazi halimfanyi padre. Linakuja baada ya kutendewa, nalo linafunika.

Na kasula inafunika kila kitu. Jina lake, casula, maana yake ni kijumba. Ilikuwa pana, ya mviringo, inafika miguuni na kuziba mikono, hata ikabidi wahudumu waishike pembeni padre alipoinua Hostia. Karne zilivyopita ikatiwa tarizi nzito mno, ikakatwa kando kando ili mikono ipate nafasi, mpaka ikafanana na zeze mgongoni. Mtumikiaji aliendelea kuinua upindo wake wakati wa mageuzo ya mkate na divai ingawa haukuwa na uzito tena wa kuinuliwa. Sala yake inakumbusha nira iliyo laini na mzigo ulio mwepesi wa Mathayo 11. Wengine huiita vazi la upendo, kwa Wakolosai 3:14, jivikeni upendo juu ya hayo yote. Ndiyo sababu kasula huvaliwa juu ya stola, mamlaka yakiwa chini na upendo juu. Siku hizi wapo wanaogeuza wakaweka stola juu ili marembo yaonekane. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, kitabu cha sala za Misa, hausemi hivyo, na mimi nadhani kinachopotea hapo ni zaidi ya mtindo.

Kuhusu rangi, watu hupenda orodha: nyeupe ya Pasaka na Noeli, nyekundu ya Pentekoste na mashahidi, zambarau ya Majilio na Kwaresima, kijani ya siku za kawaida, waridi mara mbili tu kwa mwaka. Mpango huu uliandikwa kwa uwazi na Lotario, kardinali aliyekuja kuwa Papa Inosenti III mwaka 1198, akieleza desturi ya Roma. Misale ya Papa Pius V ya mwaka 1570 ikausambaza. Leo tunafundishwa kwamba kijani ni tumaini na uhai. Inosenti alitoa sababu ya mtu mpole wa hesabu: kijani iko katikati ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, basi inafaa siku zisizo na sherehe wala msiba. Zambarau aliihesabu kuwa ndugu ya nyeusi. Padre anayehubiri tumaini amevaa kijani mwezi wa Agosti katika nchi kame, majani yote yamekauka nje, anasema kweli, ila asidhani ndivyo ilivyoanza.

Matengenezo ya karne ya 16 yalitikisa kabati lote. Luther aliyaona mavazi kuwa mambo yasiyo ya lazima, anayetaka avae. John Hooper, aliyeteuliwa askofu wa Gloucester mwaka 1550, alikataa katakata kuwekwa wakfu akiwa amevaa mavazi yaliyoamriwa. Akatiwa gerezani mwanzoni mwa 1551, akalegea, akavaa. Wengine walichukua joho jeusi la wasomi, na huko Prussia mfalme aliliamuru mwaka 1811 kwa wachungaji na mahakimu. Tazama lakini: joho jeusi nalo linasema kitu. Linasema huyu ni mwalimu, amesoma, msikilizeni Neno. Hata mhubiri wa hema la uamsho anayejivunia kutokuwa na mavazi ya dini, suti yake ya vipande vitatu na viatu vinavyoakisi taa vina mahubiri yake kabla hajashika kipaza sauti. Hakuna anayepanda mimbarani bila vazi.

Tofauti hiyo ilifika kwetu kwa meli. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliojenga Kanisa Kuu la Mkunazini Unguja mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa Noeli ya 1873, walikuja na ubani na kasula, na desturi hiyo ikaenea Masasi na Tanga. Wale wa CMS, chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana, walioanza Mombasa na Buganda na baadaye kushika Dodoma, walivaa nguo nyeupe ya juu na skafu nyeusi. Hadi leo Mwanglikana wa Masasi akisali Dodoma anaweza kudhani ameingia kanisa jingine.

Kisha kuna kitenge. Mtaguso wa Vatikano mwaka 1963 ulitaka katika mavazi matakatifu uzuri wenye hadhi kuliko fahari tupu, na mabaraza ya maaskofu yakaruhusiwa kupendekeza yanayofaa watu wao. Kongo, ambako Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire mwaka 1988, kasula za vitambaa vya Kiafrika ni jambo la kawaida, na Afrika Mashariki nazo zipo tele. Wazee wengine hunung'unika kwamba padre amevaa nguo ya shambani. Nguo ya shambani, ya safari, ya kuzuia mvua: ndiyo ile ya Karpo. Ninachokinung'unikia mimi ni kasula iliyochapishwa nembo ya jubilei na picha ya mwenye sherehe, kwani hapo nguo imeacha kumfunika mtu na imeanza kumtangaza.

Kuna siku moja katika mwaka ambapo haya yote huonekana bila maelezo. Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu, baada ya mahubiri, padre huvua kasula. Yohana ameandika kwamba Bwana aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa akajifunga kiunoni. Mtumikiaji anapokea kasula ile nyeupe mikononi, hajui aiweke wapi. Padre anajifunga taulo, anachukua jagi na beseni, anapiga magoti mbele ya mguu wa kwanza, wa mzee mwenye kisigino kilichopasuka. Alichobaki nacho mwilini ni stola na alba, na akifika mguu wa nne upindo wa alba umeshalowa.